Sauti Ilivuka, Mwimbaji Akabaki Unguja

Historia ya taarab ya Zanzibar imeshaandikwa mara nyingi, na kila anayeiandika huanzia pahala pamoja, ikulu. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, na bwana yule aliporudi akawafundisha wengine. Kisha 1905 vijana wa mjini wakaunda Nadi Ikhwan Safaa. Kisha 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kutia sauti kwenye santuri. Kisha vilabu vya mitaani, kisha Mapinduzi, kisha Culture Musical Club, kisha mipasho ya Dar es Salaam. Hadithi nzuri, tena ya kweli. Lakini hebu isome tena, ndugu msomaji, uwahesabu waliomo: masultani, wapigaji, watunzi, waimbaji. Yule aliyekaa juu ya jamvi akisikiliza hayumo. Na kama msikilizaji huyo ni mtu wa Wete au wa Mkoani, basi hayumo mara mbili.

Mie ni mtu wa Wete, kwa hiyo usishangae nikiegemea upande.

Kutoka Unguja hadi Pemba ni mkondo wa bahari wa kilomita 50 hivi. Si mbali. Kwenye ramani ya shule ungeuziba kwa kidole gumba. Lakini mkondo huo ndio uliotufanya sisi Wapemba kuwa wapenzi wa sauti kabla ya kuwa wapenzi wa watu. Mtoto wa Ng'ambo au wa Miembeni aliweza kumwona mwimbaji asubuhi sokoni ananunua muhogo, jioni akamsikia akiimba. Kwetu sauti ilitangulia kuja, peke yake, ndani ya sanduku, na mwenye sauti alibaki kule. Wako watu Pemba waliompenda mwimbaji miaka thelathini wasimwone hata siku moja. Tena mapenzi ya kweli, si ya mchezo: wanajua pale anapovuta pumzi, wanajua neno gani hulitamka kwa ulegevu na lipi hulikaza.

Usidhani basi kwamba tulikaa mikono mitupu tukingoja sanaa iletwe kwa meli. Pemba ya karne ya 19 ilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa beti mpaka leo wazee wanabishana nani alimzidi mwenzake. Mashairi yao yamekusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdulla El-Maawy katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichotoka 2011, na kijana yeyote anayejiita mshairi bila ya kukifungua ajiulize vizuri. Tulikuwa na msewe, ngoma ya wanaume wanaofunga njuga za majani miguuni. Tulikuwa na mchezo wa ng'ombe, ambapo dume huchezewa uwanjani na wanawake pembeni wanaimba. Sikio la Mpemba, kwa ufupi, lilikwisha kunolewa. Taarab ilipofika lilikuwa tayari kuhukumu. Ndiyo maana mpaka leo ukikaa na wazee wa Chake Chake kusikiliza wimbo, hawakwambii kwanza fidla imelia vipi. Wanakwambia: "Neno lile kaliweka pazuri." Au: "Hapo kakosa, vina vimemshinda."

Tuje kwenye sanduku lenyewe.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, karibu na 1880, kwa wazazi wafinyanzi. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, na jina hilo peke yake linakusimulia nusu ya maisha yake. Aliingia mjini mnamo 1911, akafunzwa kuimba, akaungana na kina Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Akafanya jambo ambalo leo tunaliona dogo: taarab iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu ikulu, yeye akaiimba Kiswahili. Waliomwonea choyo walimtungia maneno kwamba hana sura wala nasaba. Akawajibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay. Santuri zilizotoka huko, na safari zilizofuata, zilienea pwani nzima, na kufika 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000. Na ziliuzwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na gramafoni! Mashine moja ilisikilizwa na mtaa mzima: barazani kwa mwenye duka, kwenye mkahawa, kwenye ukumbi wa harusi. Anayezungusha mkono wa mashine alikuwa bwana mkubwa siku ile.

Santuri hizo zilikuwa na jambo moja ambalo waandishi wa historia hulipita haraka na mie nataka kulisimamia. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika tatu na ushei. Basi. Lakini taarab ya barazani haikuwa na dakika tatu. Wimbo mmoja uliweza kwenda nusu saa, mwimbaji akarudia ubeti mara nne kwa sababu kuna mtu amesimama kumtunza, akachomeka neno jipya kwa sababu amemwona fulani anaingia, akaacha ubeti mzima kwa sababu mwenye nyumba atakasirika. Kule Bombay hakukuwa na fulani wa kuingia. Kulikuwa na mashine na saa. Wimbo ulikatwa ukatosha, kama kanzu inavyokatwa na fundi, na ule uliokatwa ndio uliovuka kuja Pemba.

Kwa hiyo wa Unguja alijua wimbo wa Siti kama kitu kinachobadilika kila usiku. Wa Pemba aliujua kama kitu kilichokamilika, kama aya, hakiongezwi wala hakipunguzwi. Wimbo wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni kule Unguja na muuaji aliyetoroka, uliwafikia watu kwa maneno yaleyale kila sindano ilipowekwa. Waliuhifadhi. Hapo nadhani ndipo alipozaliwa mpenzi wa muziki wa namna mpya: anayempenda mwimbaji kwa toleo moja, na toleo jingine lolote kwake ni kosa.

Na fedha ya kununulia sanduku ilitoka wapi? Karafuu, ndugu yangu. Kimbunga cha 1872 kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yake, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka kwetu. Mkarafuu una tabia ya kuzaa kwa fujo mwaka mmoja kisha ukapumzika, na maisha ya Pemba yalifuata tabia hiyo. Mwaka wa vuno ni mwaka wa harusi, wa mabati mapya, wa kanga doti tatu badala ya moja. Wachumaji walilipwa kwa pishi, makonyo yakachambuliwa usiku kwa mwanga wa kandili huku watu wanaimba, na ikimalizika kuanikwa karafuu, mtu alijiuliza anunue nini. Ikawa gramafoni. Baadaye ikawa redio.

Redio ya Zanzibar, Sauti ya Unguja, ilianza 1951. Jina lenyewe lisikilize: Sauti ya Unguja. Siku hizohizo mawimbi ya Cairo nayo yalikuwa yakiingia, na alhamisi ya kwanza ya kila mwezi Umm Kulthum alikuwa akiimba moja kwa moja kwenye redio ya Misri, saa baada ya saa, watu wakakaa macho hata wasiojua Kiarabu. Huyo naye alikuwa akirudia mstari mmoja mara kumi na kila mara kivingine. Laiti wasikilizaji wetu wangeuzingatia urudiaji ule, wangejua kwamba santuri ilikuwa ikiwadanganya. Lakini Umm Kulthum tulimwita wa Waarabu, ana mambo yake. Wa kwetu tulitaka awe vilevile.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mengi yalibadilika Pemba, na si yote yanayosimuliwa kwa sauti ya juu. Karafuu ikawa ya kuuzia serikali tu. Ikaja miaka ya foleni za mchele na unga. Redio iliendelea kupiga taarab, pamoja na salamu za wasikilizaji, na kwa mtu aliyekaa shamba Micheweni, jina lake kutajwa redioni kabla ya wimbo lilikuwa jambo la kuhadithiwa mwezi mzima. Kisha miaka ya 1980 ikaja kaseti, na wakati huohuo bei ya karafuu ikaporomoka. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilikuwa imejipandia mikarafuu yake. Watu wa Pemba wakatawanyika kutafuta riziki: Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Oman na Dubai. Kaseti zikawafuata, zikarudi nao. Nyumba nyingi kwetu zilikuwa na boksi la viatu lililojaa kaseti, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino: upande huu harusi ya fulani, upande wa pili mawaidha.

Ndani ya boksi la namna hiyo nilimkuta Bi Kidude.

Fatuma binti Baraka, ndilo jina lake. Mwaka wake wa kuzaliwa hana mtu aliyeuthibitisha. Wengi huuweka miaka ya 1910, na yeye mwenyewe alikuwa akiuhesabu kwa tawala na kwa rupia, si kwa kalenda. Baba yake alikuwa muuza nazi. Alizaliwa mdogo mno, hata akaitwa kidude, na jina likamganda mpaka alipokuwa bibi kizee. Alitoroka chuoni akiwa mtoto, alimsikiliza Siti akajifunza kwake kwa sikio, alizunguka bara kwa miguu, alikataa ndoa zilizomkera. Alipiga ngoma za unyago akawafunda wasichana, msondo ameufunga kiunoni kwa kanga akiupanda kama farasi. Alipaka wanawake hina. Alivuta sigara hadharani na hakuomba radhi kwa mtu. Umaarufu wa ng'ambo ulimjia uzeeni: 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ikakabidhiwa kule Uingereza, wakati wenye umri wake wengi walikuwa makaburini miaka mingi.

Mama yangu mdogo alimpenda Bi Kidude kwa namna ambayo mumewe aliiona ni maradhi. Kaseti yake moja ilikuwa imechakaa hadi sauti ikawa inayumba, na sisi watoto tulipoimba nyimbo zile tuliziimba na kuyumba kwake, kwa kuwa tulidhani ndivyo zilivyotungwa. Mama mdogo alikuwa na ubeti wake. Sitausema ni upi. Ulipofika, aliacha alichoshika, hata kama ni mwiko ndani ya sufuria, akainua mkono kama ameshika noti. Mkononi hamna kitu. Alikuwa akimtunza mwimbaji aliye ndani ya redio-kaseti.

Lazima nieleze kidogo kutunza, kwa wasomaji wa bara wanaodhani ni kutupa pesa. Si kutupa. Kwenye taarab unasikiliza, unangoja, na likifika neno linalosema jambo lako unainuka. Unakwenda mbele taratibu, noti iko juu, kila mtu anakuona. Unampa mwimbaji, unarudi. Umelipa, ndiyo, lakini pia umesema. Neno lile sasa ni lako. Kama lilikuwa la mapenzi, aliyekusudiwa anajua. Kama lilikuwa kijembe, jirani yako pia anajua, na atangoja ubeti wa kukujibu naye. Kwa hiyo anayejua kutunza hainuki ovyo. Wapo waliokaa usiku kucha na noti mkononi wakarudi nayo nyumbani, kwa sababu neno lao halikuimbwa.

Sasa mama mdogo magoti yalikuwa yameshamshinda, meli kwake haiwezekani tena. Mie nilikuwa kijana, nina safari ya Unguja mwezi wa Februari, na Bi Kidude alitajwa kuimba Ngome Kongwe kwenye tamasha la Sauti za Busara, lile lililoanza 2004. Mwaka sitautaja, maana mtanipigia hesabu ya umri. Mama mdogo aliniita ndani. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne.

"Unanjua ubeti wangu?"

"Naujua, mama."

"Basi usende ukainuka kwengine. Pale pale. Na umwambie inatoka Pemba."

Nikachukua meli ya usiku kutoka Mkoani. Aliyepanda meli za wakati ule anajua: watu wamelala juu ya mizigo, kuku wanalalamika, dagaa wananukia, na mlango wa mkondo ukifika kila mmoja anamkumbuka Mola wake. Alfajiri tuko Malindi. Mchana kutwa niliishika ile noti mfukoni kana kwamba itaruka.

Ngome Kongwe usiku ule ilijaa. Wazungu wengi, kamera nyingi, vijana wa mjini wamesimama juu ya ngazi za mawe. Alitoka bibi mdogo sana. Hapo ndipo lilinipata jambo ambalo sikulitarajia: nilitaka kumwondoa. Wallahi. Sauti niliyoijua tangu utotoni ilikuwa ya mtu mkubwa, mrefu, mwenye kifua, na huyu aliyesimama pale angekaa ndani ya kikapu. Kwa dakika nzima niliwaona wawili, yeye na yule wangu wa kwenye kaseti, na wangu nilimwonea huruma kwamba anakwenda kufa.

Kisha akafungua mdomo. Ilitoka sauti nene, ya kukwaruza, yenye moshi ndani yake, ikapanda kuta za ngome bila ya kuhitaji mashine. Mtu wa mbele yangu alishusha kamera.

Akaimba wimbo wa mama mdogo. Nikasogea mbele, noti iko tayari. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili, akauruka. Wa tatu ulikuja na maneno ambayo sijapata kuyasikia, kisha akachukua kipande cha wimbo mwengine kabisa akakishona humo, wapigaji wakamfuata bila hata kutazamana, kumbe wameshamzoea. Ubeti wa mama mdogo haukuja. Nilingoja. Akarudia mwanzo, akacheka peke yake katikati ya mstari, akamwonyesha mtu kidole, wimbo ukaisha. Nimeshika noti ya elfu tano, sina neno la kuitolea.

Waliokaa na Bi Kidude wanalijua hili kuwa ni kawaida yake. Hakuwa na wimbo uliokamilika. Alikuwa na ghala la beti, zake na za Siti na za unyago na za watu waliokwisha sahauliwa, na kila usiku aliingia ghalani akatoa anachokitaka. Muhogo wa Jang'ombe wa jana si wa leo. Kijiti aliourithi kwa Siti haukubaki kama ulivyokuwa kwenye santuri ya 1928. Kwa mtu wa mjini hii ndiyo raha yenyewe. Kwangu mie, niliyelelewa na sanduku, ilikuwa kama imamu kabadilisha sura katikati ya sala.

Nilisimama pale nikafikiri haraka. Kuirudisha noti kungekuwa heshima kwa mama mdogo: neno lake halikuimbwa, kanuni iko wazi. Lakini neno lile lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye utepe, siku moja, studio moja, pengine miaka ishirini nyuma. Bi Kidude mwenyewe huenda alilitoa mara ile tu. Mama mdogo alikuwa akimtunza mwanamke wa siku ile, na huyu aliye mbele yangu hakuwa na habari naye.

Wimbo uliofuata alikaa na ngoma. Hapakuwa na neno la mapenzi wala kijembe, palikuwa na mapigo yale ya unyago na sauti inaitikiwa. Bibi mmoja wa makamo aliyekuwa karibu yangu, amejifunga kanga mbili, alikuwa analia na anacheka kwa pamoja. Nikainuka hapo. Sijui kwa nini hapo. Nikaenda, nikampa, nikainama sikioni mwake nikasema, "Inatoka Pemba." Aliichukua, akaisokomeza ilikosokomezwa nyengine, akanitazama kwa macho yaliyozama na kusema kitu ambacho ngoma ilikimeza. Nikarudi pahala pangu.

Nilipofika Wete mama mdogo aliniuliza swali moja tu: niliinuka wapi. Nikamweleza yote, kuruka kwa ubeti, kipande cha wimbo mwengine, ngoma. Alinyamaza muda. Akaniambia niuimbe huo ubeti wa tatu mpya. Nilikuwa naukumbuka nusu. Niliuimba hiyo nusu, akanirudisha mwanzo, tena, tena, mpaka akaushika, kisha akamalizia mwenyewe nusu iliyobaki kwa maneno yake, na vina vikakubali.

Nimekuwa nikiufikiria umaliziaji ule kwa miaka. Mtu aliyekuwa hataki neno lihamishwe hata nukta, alipoambiwa kwamba mwenye wimbo anahamisha, naye alihamisha palepale. Maana yake ujuzi ule ulikuwamo. Sanduku halikuua kitu, lilikifunika. Kizazi kizima cha wasikilizaji wa Pemba kilikuwa na beti vifuani na kikawa kinaona haya kuzitoa mbele ya santuri, kama mtu anavyoona haya kusoma mbele ya shekhe. Na mie nadhani hapa ndipo historia yetu ya taarab ilipokwenda kombo: ikiandikwa kutoka kwenye majina ya santuri na ya vilabu, haiwezi kuwaona watu hawa. Hawakurekodi. Hawakupanda jukwaani. Waliimba wakichambua makonyo.

Mtu atanibishia kwamba hayo ni ya kizamani, taarab ya kisasa imekwisha vunja yote. Kweli, miaka ya 1990 kina East African Melody walileta vinanda, na kule Dar es Salaam TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis walirushiana vijembe mpaka kumbi zikatitia. Watu wakaacha kukaa, wakainuka kucheza wimbo mzima. Wazee wa kwetu walisonya. Lakini hata huko noti ilingoja neno lake. Na kaseti za mipasho ile zilipofika Pemba, watu walifanya vilevile: walizihifadhi kwa maneno yake yote, wakazitumia kwenye ugomvi wa kisimani.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Habari ilitufikia kwa simu za mkononi, kila mtu akimpigia mwenziwe kumwambia jambo ambalo mwenziwe alikwisha lijua. Umeme wa kuzichaji simu hizo unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari uliowashwa 2010, na hiyo nayo ni historia ya muziki ukitaka kuiandika, kwa sababu kabla ya hapo, ukikatika umeme wa jenereta katikati ya kaseti, wimbo ulibaki hapo hadi kesho yake. Mwaka 2020 kitukuu wa Siti, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake, Siti of Unguja, yenye midundo ambayo kina Subeit Ambar wangeishangaa. Niliisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya kijana mmoja bandarini Mkoani. Aliyekuwa naye, mzee wa miaka sabini hivi, alisikiliza nyimbo mbili bila kusema kitu, halafu akaanza kuimba chini kwa chini, si pamoja na simu bali kando yake, maneno mengine.

Kijana alitaka kuzima amsikilize. Mzee akamwashiria aache iendelee.

Nilimuuliza yale maneno kayatoa wapi. Akaniambia ya mama yake, wa Kojani, alikuwa akiyaimba juu ya santuri hiyohiyo walipokuwa wanaanika karafuu kwa mwenye gramafoni. Nikatafuta kalamu. Meli ikapiga honi, akachukua kikapu chake akapanda.